Aliyeonyeshwa Kitalu

Niliinua mkono wa kulia nikaapa kusema kweli, na haikupita nusu saa nikasema uongo mbele ya jaji. Naanzia hapo makusudi. Watu wa bonde letu wakinionea huruma huwa wanairuka sehemu hiyo, na mimi sipendi kuhurumiwa kwa habari nusu.

Jaji aliitwa Whitmire, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, anayesoma maswali yake kama anasoma orodha ya vifaa vya shule. Kama najua kusoma. Kama nimemeza dawa yoyote asubuhi hiyo. Kama naelewa kwamba nikikiri kosa hakutakuwa na kesi, wala baraza la raia kumi na wawili wa kuniamua. Kama naelewa kwamba nimeacha haki ya kukata rufaa. Kama naelewa kwamba mwendesha mashtaka ataomba nipewe adhabu nyepesi, ila yeye jaji hafungwi na maombi hayo, na akinipa nzito zaidi siwezi kugeuka nikasema sikiri tena. Nikajibu ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo.

Kisha akainua macho. "Bwana Messer, ukiacha yaliyoandikwa katika makubaliano haya, kuna mtu yeyote aliyekuahidi kitu chochote ili ukiri?"

Nyuma yangu, benchi la pili, alikaa binti yangu Kendra, amelipakata koti langu. Nikasema, "Hapana, Mheshimiwa." Na nilikuwa nimeahidiwa kitu kimoja, tena kikubwa: kwamba huyo aliyeshika koti hataguswa.

Kwetu ni milimani, Karolina, Marekani, na tunachimba jinsengi. Ni mmea wa kivulini, mzizi wake wa dawa umekaa kama kijitu chenye miguu, na wanunuzi wanaugombania hadi ng'ambo ya bahari. Babu yangu alikuwa na shamba bondeni juu. Serikali kuu ikaja, ikaligeuza hifadhi, ikamhamisha yeye na jirani zake wote, ikabomoa nyumba. Bomba la moshi la mawe limebaki limesimama peke yake msituni hadi leo. Nyuma ya bomba hilo, chini ya mwamba, kuna kitalu cha jinsengi alichokipanda bibi yangu kwa mikono yake. Serikali inasema kuchimba humo ni wizi. Mimi naona wizi ulifanyika kabla sijazaliwa, lakini Jaji Whitmire aliniambia hoja hiyo hainisaidii, na kisheria nadhani anajua kuliko mimi.

Kitalu kwetu huonyeshwa mtu mmoja tu. Bibi alimwonyesha baba yangu, akawaacha ndugu zake wanne. Baba akanionyesha mimi, na mama yangu akaingia kaburini hajui kiko wapi. Mke hamwonyeshi mumewe, mume hamwonyeshi mkewe, na mchungaji akiuliza unamwambia aendelee kuhubiri. Ukichimba, unachimba Septemba matunda yakiwa mekundu, unachukua mizizi mizee, na matunda unayafukia pale pale kwenye shimo ulilolifungua. Mtu anayechimba kabla ya matunda kuiva, kwetu hata mezani hakaribishwi.

Nina watoto wawili. Kaka yake Kendra nilimruka kwa sababu mdomo wake haufungi, akijua jambo saa mbili, saa tatu linajulikana hadi kituo cha mafuta. Kendra ni msiri. Ana miaka thelathini na mitatu, ana watoto wawili wadogo na hana mume, maana mume mwenyewe alikwenda zake Texas na hajatafutwa na mtu. Pasaka ya mwaka jana nilimpeleka. Tulipita njia ya bomba la moshi, tukainama chini ya mwamba, na majani yalikuwa ndiyo kwanza yanatokeza. Alipiga magoti akayashika. "Baba," akasema, "hiki ni changu?" Nikamwambia ni chake nikishakufa, na kwa sasa ni siri yake. Nilitokwa na machozi, na sioni aibu kulisema.

Septemba nilichimba. Pembe moja ya kitalu niliikuta imefukuliwa, nikawatukana nguruwe mwitu hadi sauti ikakauka. Macho yangu hayaoni vizuri barabarani, kwa hiyo Kendra aliendesha pikapu, tukavuka mpaka kuingia Tennessee kwa mnunuzi. Uani kwake tulikuta maafisa wa hifadhi wanatusubiri. Walimwaga gunia juu ya meza, wakawasha taa yao ya zambarau, na mizizi yangu ikawaka rangi ya chungwa. Maafisa hao wana mtindo wa kuipaka mizizi rangi ikiwa bado ardhini, kisha wanaifunika udongo na kukaa kungoja nani ataileta sokoni. Nikajua kitalu wamekipata. Nikadhani afisa mmoja alijikwaa nacho katika doria zake.

Kuchimba hifadhini ni kosa dogo. Kuvusha mpaka wa jimbo na kuuza, hilo ni kosa kubwa, na kifungo chake kinafika miaka mitano. Nilishtakiwa mimi. Kendra, aliyeshika usukani, waliandika jina lake wakamwacha arudi nyumbani, na mimi nikaanza kukosa usingizi.

Mahakama ilinipa wakili, Bi. Pruitt, binti mwembamba mwenye kikombe cha kahawa kisichoisha.

"Mzee Messer," aliniambia siku ya kwanza, "nikueleze bila sukari?"

"Sukari daktari kanikataza. Endelea."

"Wana mizizi yenye rangi. Wana picha. Wana mnunuzi anayeogopa kuliko wewe. Mimi nina miaka sita katika kazi hii, na kesi zangu zilizofika mbele ya raia kumi na wawili hazimalizi vidole vya mkono mmoja. Wengine wote walikiri."

"Wote walikuwa na makosa?"

"Wote walipiga hesabu. Ukienda kwenye kesi ukashindwa, unabeba mzigo wote. Ukikiri mapema, shtaka moja linafutwa, unashushiwa ngazi za adhabu kwa kulikubali kosa, na Stroud ataomba ufungwe nyumbani, miezi sita, na bangili ya kielektroniki ya kukufuatilia mguuni." Stroud ndiye mwendesha mashtaka. "Ukitaka kushuka zaidi, uwatajie wachimbaji wenzako."

"Nimtaje nani? Nusu ya kanisa?"

"Basi hilo tuliache."

Nilitaka kwenda mbele ya wale kumi na wawili. Nilitaka kwa moyo wote niwaeleze habari za bomba la moshi, za babu yangu na sanduku lake la misumari mgongoni akishuka mlima kwa mara ya mwisho, halafu wanihukumu wakiwa wamenisikia. Miaka sitini na moja nimekaa na maneno hayo kifuani. Nikamwambia Bi. Pruitt hivyo, naye akainuka, akafunga mlango.

"Na Kendra?" akaniuliza. "Wewe ukipigana, na yeye ndiye aliyeendesha gari."

"Basi niandikiwe hilo," nikasema. "Niandikiwe kwamba nikisaini, mwanangu haguswi."

"Stroud haandiki kitu kama hicho. Nimemwuliza. Aliniambia, 'Hatuna haja na binti.' Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Anamaanisha."

"Na jaji akiuliza kama nimeahidiwa kitu?"

Alitazama kikombe chake. "Unasema hapana. Kila mtu husema hapana. Ukisema ndiyo, shughuli nzima inasimama pale pale."

Siku ya kusoma karatasi alinipa mbili. Ya kwanza ndefu, makubaliano yenyewe. Ya pili fupi, ya kutiwa kwenye bahasha na kufungwa kwa siri. Ilisema hivi tu: mshtakiwa hana makubaliano yoyote ya kuisaidia serikali.

"Kama haina kitu, kwa nini ifichwe?" nikauliza.

"Kila faili katika mahakama hii lina karatasi ya pili, mzee. Aliyewataja wenzake anayo, asiyewataja anayo. Zote zinafungwa, ili zile zenye kitu zisijulikane."

Nikacheka. "Yaani bahasha yangu tupu inamsitiri msaliti wa mtu mwingine?"

"Inamlinda shahidi."

"Ni yule yule, mama."

Jioni hiyo Kendra alinipikia maharage na mkate wa mahindi. Nilimweleza yote, na nilimwambia bado sijaamua. Aliweka kijiko chini. "Saini, Baba," akasema. "Tafadhali. Kesi ikisimama na mimi nitaburutwa humo. Watoto nitamwachia nani? Saini yaishe." Akalia hadi kamasi. Nikainuka nikamshika kichwa kama nilivyokuwa nikimshika mamaye, nikamwambia, nimesikia, mwanangu, nitasaini. Februari yeye ndiye aliyenipeleka mahakamani kwa pikapu yangu, na njiani akanirekebisha tai.

Baada ya kukiri huwi huru wala hufungwi. Unangoja. Afisa wa mahakama anakuja kwako, anakuuliza ulizaliwa wapi, unakunywa pombe kiasi gani, mkeo alifariki kwa nini, kisha anaandika ripoti ndefu ya kumsaidia jaji kupanga adhabu. Yangu ilitoka mapema Mei. Bi. Pruitt alinisogezea mezani kwake ili niseme kama kuna kosa ndani. Nikavaa miwani, nikaanza. Jina langu sawa. Ugonjwa wa Nelda, mke wangu, sawa. Kisha nikafika aya ya kumi na nne.

Tarehe kumi na nne Juni mwaka jana, iliandikwa, maafisa waliifikia mimea hiyo kwa kupitia bomba la moshi la zamani na chini ya mwamba, wakaipaka rangi.

Niliisoma mara tatu. Juni matunda bado mabichi. Juni hakuna mchimbaji msituni, na maafisa hawana wa kumfuata nyayo. Na pale chini ya mwamba huwezi kupaona, lazima ujue pa kuinama. Mimi mwenyewe, siku baba aliponipeleka, nilipapita mara mbili yeye amesimama ananicheka.

"Nani aliwaonyesha?" nikauliza.

"Ripoti haisemi."

"Wewe unajua?"

"Kuna karatasi zilizofungwa ambazo hata mimi siruhusiwi kuzifungua." Akaisukuma ripoti pembeni. "Mzee Messer, wewe ulimwonyesha nani?"

"Mtu mmoja."

Aliweka kikombe chini. Nadhani tulifika pamoja, yeye na mimi, kwa sababu uso wake ulianza kuwa mwekundu kutokea shingoni. "Aliniambia hatuna haja na binti," akasema polepole. "Maneno yake hayo hayo."

"Na kweli hawakuwa na haja naye. Walishampata."

"Mimi sikujua. Naapa."

"Usiape. Humu watu wanaapa sana."

Nikamwambia nataka saini yangu irudi. Nataka wale raia kumi na wawili. Aliniuliza sababu nitakayompa jaji, nikasema nilisaini kwa ahadi. Akatoa karatasi nyingine, ile wanayoandika kila neno linalosemwa mahakamani, akaweka kidole. Swali la jaji. Chini yake: Hapana, Mheshimiwa.

"Ukisema leo kwamba ulidanganya," akasema, "ngazi zako zinapotea, mapendekezo ya Stroud yanapotea, na wanaweza kukushtaki kwa kiapo cha uongo. Na bado jaji anaweza kukataa. Atasema, nilikuuliza, ukanijibu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha jibu."

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi." Hakujitetea, na kwa hilo peke yake nilishindwa kumfokea.

Wiki tatu zilizofuata zilinizeesha. Kendra aliendelea kuja kila Jumapili na watoto. Alipakua, akafua mashuka yangu, akaniuliza, "Baba, mbona huli?" Nikajibu ni meno. Nilimtazama mikono yake ikimenya viazi nikawaza, mikono hiyo ndiyo niliyoiona ikiyashika yale majani. Nilitamani aseme mwenyewe. Kila Jumapili nilimpa nafasi, nikazima redio, nikakaa kimya tu pale barazani. Aliwasha redio.

Siku ya hukumu nilikuwa nimepanga kulipuka. Stroud alisimama akaomba kifungo cha nyumbani miezi sita, kama alivyosaini. Ni mtu mwenye adabu, anasema "tafadhali" kwa karani. Jaji Whitmire akaniuliza kama nina la kusema kabla hajaamua. Nikasimama. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni: nilikudanganya Februari, Mheshimiwa, nami nilidanganywa kabla sijakudanganya. Nikageuka kidogo. Kendra alikuwa benchi lile lile la pili, koti langu mapajani, anatingisha kichwa taratibu, hapana, hapana. Alijua. Aliniona najua. Na watu sita wa kanisani kwetu walikuwa wamekaa nyuma yake. Ningefungua kinywa, jioni hiyo hiyo bonde lote lingemtemea mate yeye na watoto wake.

Hasira yangu haikupungua hata kidogo. Ila ulimi ulikataa.

"Matunda ya kitalu kile huiva Septemba," nikasema. "Mimi nimekatazwa kukanyaga hifadhini. Naomba mtu ayarudishe ardhini. Ni hilo tu."

Jaji aliandika kitu. Kisha akasema ameyasikia mapendekezo na anayaheshimu, lakini wizi wa mimea hifadhini umezidi, na watu wa milimani wanapaswa kuona kwamba mahakama haichezi. Mwaka mmoja na siku moja, gerezani, nijipeleke mwenyewe tarehe tatu Julai. Bi. Pruitt alininong'oneza kwamba ile siku moja ni wema, kwa kuwa kifungo kikizidi mwaka ndipo unapopunguziwa kwa tabia njema.

Sikuwa namsikiliza yeye. Nilikuwa nimesikia sauti ya Kendra nyuma yangu, juu kuliko alivyokusudia: "Lakini walisema—"

Nilimkuta kwenye korido, amejibanza karibu na bomba la maji ya kunywa. Watu wa kanisa walikuwa wanashuka ngazi.

"Walisema nini, Kendra?"

"Baba."

"Nimekuuliza. Walisema nini?"

"Walisema utakaa nyumbani. Bangili tu." Alikuwa analia wazi. "Walinikamata mwezi wa tano mwaka jana, nina mfuko wa mizizi kwenye gari. Walinitajia miaka, Baba. Wakaniuliza watoto wangu wanalelewa na nani. Wakasema nikiwaonyesha nilikoitoa, na mwenyewe ni nani, mimi nitaachwa. Na wewe hawatakuumiza."

"Waliandika?"

"La mimi waliandika."

"La kwangu je?"

Akatingisha kichwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililokuwa limenikwama kooni, na ndilo lililotoka. "Ulichimba mwezi wa tano?"

"Nilikuwa na shida."

"Mwezi wa tano. Wiki sita tangu nikupeleke. Mimea haina hata maua." Nikaikumbuka ile pembe iliyofukuliwa na matusi niliyowatukana nguruwe wa watu. "Halafu ukakaa mezani kwangu ukaniambia nisaini."

"Usingesaini wangeniita kizimbani!" akasema. "Nikae pale juu, nikunyooshee kidole mbele ya kila mtu? Nisingeweza."

"Kwa hiyo nikanyamaza mimi, ili usionekane."

"Nilikuwa naogopa, Baba." Alinishika mkono wa shati. "Nitarekebisha. Nyumba nitaitunza. Na hayo matunda nitayapanda mimi. Septemba nitakwenda, naapa."

"Utakwenda wapi?"

"Kitaluni. Nakijua. Si ulinionyesha."

"Nilimwonyesha mwanangu," nikasema.

Nikachukua koti langu mikononi mwake, nikaenda kumwuliza Bi. Pruitt kama gari lake linapita upande wa kwetu.